Kuunda kiboko wa karatasi na waya anayetisha kweli: mwongozo kamili kuanzia mchoro hadi vanishi

Ukipita kwa vibanda vya kurio utaona simba amefungua mdomo, chui amefungua mdomo, mpaka na fisi pia, wote wanapiga kelele na hakuna hata mmoja anakutisha. Hiyo ndio shida kubwa ya sanaa ya wanyama hatari, watu wanakimbilia meno alafu wanasahau mwili. Sasa uliza mvuvi yeyote wa Dunga, ufukwe wa Ziwa Victoria hapa Kisumu, ni kiboko gani anamwogopa, atakwambia ni yule alikuwa anamwona hapo mbele kidogo alafu akazama na sa hii hajui yuko upande gani. Hapo hakuna meno kabisa na bado jasho inatoka.

Kwa hivyo huu mwongozo ni wa kuunda kiboko mmoja, urefu karibu sentimita 60, kwa gazeti kuukuu, waya, trei za mayai na gundi ya unga. Nimechagua kiboko juu ndiye jirani yetu hapa ziwani, alafu ana mwili mnene hana manyoya, mtu anayeanza anaweza kummudu bila kulia. Huko mwisho nitagusa mamba, nyati, chui na wengine kwa wale wanataka kwenda mbele. Jua likiwaka vizuri ni kazi ya wiki mbili hivi ukifanya jioni jioni, lakini ukianza kwenye mvua ndefu ya Machi mpaka Mei ongeza siku, karatasi haitakauka ati kwa sababu una haraka.

KWANZA AMUA ANAFANYA NINI

Usiguse waya kabla hujajua huyu mnyama yuko katika hali gani. Wanyama wengi wakali wanatoa ishara kabla ya kushambulia, na hiyo ishara ndio unatafuta, sio shambulio lenyewe.

Kiboko akipanua mdomo watu wanafikiria amechoka anapiga miayo. Mara nyingi dume anaonyesha silaha, anaambia dume mwenzake ama boti yako kwamba hapa ni kwake. Mdomo wake unafunguka mpaka karibu nyuzi 150, ni kitu ya ajabu, na kama unataka kumfanya hivyo sawa, lakini basi shingo lazima iinuke, kifua kikaze, miguu ya mbele ishike chini, maanake nimeona kazi nyingi sana mdomo umefunguka wa kumeza meza na mwili wote huko nyuma umelala tu kama gunia.

Mimi napendelea hali nyingine, kiboko ametoka majini amesimama, kichwa kimeshuka chini ya mabega, masikio yameelekea mbele, mdomo umefunguka kidogo tu kiasi cha kuona chonge za chini zikianza. Uzito wote uko mbele. Bado hajaamua. Mtu akimwangalia anaanza kuhesabu hatua za kufika mlangoni, na hiyo ndio hali tutajenga hapa.

KUMWANGALIA BILA KUUMIZWA

Picha za simu kutoka mtandaoni zinasaidia lakini hazikuonyeshi uzito. Nenda umwone. Ukiwa Kisumu panda boti ya watu wa Dunga, vaa laifujaketi hata kama unajua kuogelea, na mwambie mwendesha boti mapema kwamba unataka kuchora kwa hivyo akae mbali na atulie, usimsukume asogee ndio upate picha tamu. Kiboko mwenye mtoto hana mzaha. Pia kumbuka anaweza kukaa chini ya maji kama dakika 5, kwa hivyo kutoonekana haimaanishi ameenda. Kisiwa cha Ndere pia kina viboko na mamba kama una siku nzima.

Kitu muhimu zaidi ni saa. Mchana wanakaa majini, jua likizama wanatoka kula nyasi, na kabla ya alfajiri wanarudi. Hizo nyakati mbili za giza giza usitembee kwenye njia za ufukweni na daftari yako ati unatafuta mwanga mzuri. Kiboko akiwa nchi kavu anataka kujua maji yake yako wapi, na ukisimama kati yake na maji umekuwa tatizo lake, na yeye anakimbia karibu kilomita 30 kwa saa na ile miguu mifupi unayocheka. Watu wa Kihoto kule Naivasha wanajua hii story vizuri tangu ziwa lipande likafika kwa manyumba, viboko nao wakafuata.

Wa Nakuru nyinyi mko na bahati, ndani ya Hifadhi ya Ziwa Nakuru kuna kiboko, nyati, simba, chui na fisi, yote unachorea ndani ya gari. Ndani ya gari, nasema tena. Dirisha linatosha.

Kama huna pesa ya boti wala ya hifadhi, nenda Makumbusho ya Kisumu. Mle kuna simba aliyekaushwa akiwa amemrukia nyumbu mgongoni, na faida yake ni kwamba hatembei, unaweza kumzunguka, ukachora bega lake kutoka mbele, ubavuni, chini, vile hutaweza kamwe na simba wa kweli. Mamba na nyoka hai pia wako hapo. Na kule Impala Sanctuary kuna simba na chui kwenye vizimba, lakini mnyama wa kizimbani mara nyingi amelala, kwa hivyo chukua kutoka kwake manyoya, kucha, umbo la pua, ila hasira yake usiichukue juu hana.

MCHORO

Chora haraka haraka kwanza, nusu dakika kwa kila mchoro, kalamu yoyote, bila kufuta. Unatafuta mstari mmoja tu, ule unaoanzia puani unapanda juu ya bega unashuka mpaka mkiani. Ukishaupata huo mstari kwa ile hali tumesema, kichwa chini bega juu, umepata kazi nusu nzima.

Alafu sasa chora mchoro mkubwa wa ubavuni kwa saizi halisi ya sanamu kwenye katoni iliyofunguliwa. Kiboko dume aliyekomaa ana urefu wa mita tatu na nusu hivi na kimo cha mita moja na nusu begani, kwa hivyo ukigawanya kwa 6 unapata sentimita 60 kwa 25. Kichwa kinachukua karibu robo ya urefu wote, yaani sentimita 15, na hapa ndio watu wanakosea, wanamtengenezea kichwa kidogo wakiogopa kitaonekana kibaya. Kiboko NI kichwa. Tumbo linashuka sana, nafasi kati ya tumbo na ardhi iwe sentimita 7 ama 8 tu. Upana wa tumbo ukimwangalia kutoka juu, sentimita 20.

Kisha weka alama tatu kwenye kichwa: pua, jicho, sikio. Zote ziko juu, kwenye mstari mmoja, maanake ndio zinabaki nje wakati mwili wote uko majini. Jicho liko karibu na sikio kuliko pua. Ukiteremsha jicho likae katikati ya shavu umetengeneza katuni.

VITU UTAKAVYOHITAJI

Waya nene ya fensi mita 3 hivi, waya ya baindingi, waya ya kuku kipande cha sentimita 60 kwa 60, hizo zote ziko hadwea yoyote na ukienda kwa mafundi wa jua kali wa soko la Kibuye, Kisumu, utapata mabaki kwa bei ya kuongea. Plaiasi. Ubao wa kusimamishia wa sentimita 70 kwa 35. Misumari ya kupinda. Magazeti ya zamani mengi, trei za mayai nne ama tano, unga wa ngano, chumvi, gundi nyeupe ya mafundi wa mbao, maskinteipu, sandpapa laini, rangi ya maji nyeusi, nyeupe, kahawia na nyekundu, brashi mbili, vanishi ya kung'aa na kama unaweza kupata ile isiyong'aa pia. Shanga mbili nyeusi za kung'aa za macho. Basi.

MIFUPA

Kata waya nene ya uti wa mgongo, ikunje mara mbili ili iwe na nguvu, kisha uilaze juu ya mchoro wako wa katoni na uipinde ifuate ule mstari. Usikadirie kwa macho, ilaze pale pale kwenye karatasi. Mbele iache na vipande viwili vinavyoachana, kimoja cha taya la juu kimoja cha taya la chini, na uviachanishe nyuzi kama 40. Bawaba ya mdomo wa kiboko iko nyuma sana, karibu chini ya jicho, kwa hivyo achanisho lianzie huko, sio karibu na pua.

Miguu ni vipande viwili vya waya vilivyopindwa vikawa kama herufi U iliyogeuzwa, kimoja begani kimoja kiunoni. Vifunge kwenye uti na baindingi, kaza na plaiasi mpaka visicheze kabisa, maanake kitu kinachocheza sasa kitapasuka baadaye. Ncha za chini zipinde sentimita mbili kwa nje upate mahali pa kupigilia msumari kwenye ubao. Mguu mmoja wa mbele usogeze mbele kidogo kuliko mwenzake. Hiyo hatua ndogo inaleta maana kubwa sana, mnyama aliyesimama miguu sambamba anaonekana ameegeshwa.

Msimamishe kwenye ubao na umsukume na kidole. Akitetemeka rudi ukaze.

Sasa waya ya kuku, iviringishe kuzunguka uti iwe pipa la mwili, mzunguko wa sentimita 55 hivi mahali tumbo ni kubwa. Fanya mwili uwe mdogo kuliko unavyotaka kwa karibu sentimita moja pande zote, juu karatasi na ngozi zitaongeza. Ncha za hiyo waya zinachoma vibaya, zikunje kwa ndani na uvae glavu ama soksi kuukuu mkononi.

Ndani ya pipa jaza gazeti lililofinyangwa, sio kushindilia mpaka ikawa jiwe, ya kutosha tu kuzuia kubonyea. Kichwa na miguu ijenge kwa mafundo ya gazeti na maskinteipu. Misuli ya bega iongeze sasa hivi, fundo moja kubwa kila upande, kwa sababu tumesema uzito uko mbele na ukingoja mpaka wakati wa rangi umechelewa.

Simama mita tatu uangalie kwa kufinya macho. Ukiwa bado huoni kiboko hapa, karatasi na rangi havitakuletea kiboko. Rekebisha.

GUNDI NA KARATASI

Gundi ya unga ni rahisi na inashika vizuri kuliko watu wanavyodhani. Kikombe kimoja cha unga wa ngano koroga na kikombe kimoja cha maji baridi mpaka madonge yaishe. Chemsha vikombe vitatu vya maji, mimina ule mchanganyiko polepole ukikoroga, acha motoni dakika tatu hivi mpaka iwe nzito ya kujishika kwa kijiko. Tia chumvi kijiko kikubwa kimoja, inachelewesha ukungu. Kwa joto letu hii gundi inaanza kunuka siku ya pili ama ya tatu, kwa hivyo pika kidogo kidogo, usipike sufuria nzima ya wiki.

Rarua gazeti vipande vya upana wa sentimita mbili tatu. Rarua, usikate na makasi, ukingo ulioraruliwa una nyuzi unajificha, ule wa makasi unaacha mstari utakaouona hadi kwenye rangi. Pitisha kipande kwenye gundi, futa ya ziada kwa vidole viwili, laza. Safu ya kwanza wima, ya pili ulalo, ya tatu wima tena. Na tumia ujanja huu wa kubadilisha: safu moja kurasa za maandishi, safu nyingine kurasa za matangazo yenye rangi, hapo utajua ni wapi umefunika na wapi hujafunika.

Weka safu mbili, kausha kabisa, alafu mbili zingine, mpaka sita ama nane. Kukausha ndio kunaangusha wengi. Jua la Kisumu la saa saba linakausha nje haraka ndani ikabaki mbichi, unapaka rangi ukifurahia, baada ya mwezi ukungu unatoka kwa ndani kiboko wako ananuka. Kausha kivulini penye upepo, mgeuze geuze, jua lake liwe la asubuhi. Kujua kama amekauka, mwekee shavu lako: akiwa baridi bado ana maji. Mgonge na kucha pia, sauti iwe kavu.

NGOZI

Hapa ndio kazi inaanza kuwa tamu na sitakuharakisha.

Rarua trei za mayai vipande vidogo, loweka usiku kucha, asubuhi twanga kwa kinu ama ponda kwa mikono mpaka zikawa majimaji ya nyuzi. Kamua kwa kitambaa. Changanya na nusu kikombe ya gundi nyeupe na vijiko vitatu vya unga, kanda mpaka ishikane. Mtu anayekaa karibu na ziwa anaweza kuongeza gugu-maji, chukua bua, kausha, kata nyuzi fupi fupi za nusu sentimita, kanda ndani. Inaongeza nguvu, na ile gugu hata hivyo iko nyingi ya kutupa.

Paka huo udongo wa karatasi unene wa milimita tatu nne hivi mwili wote. Sasa mikunjo. Kiboko si ndovu wala si kifaru, usimchore chore mistari mwili mzima. Mgongo wake na ubavu ni laini, ngozi imekazwa na mwili ulio chini yake. Mikunjo mizito iko mahali panapopinda: chini ya shingo mikunjo miwili mitatu mikubwa, nyuma ya mguu wa mbele, kwenye kinena, na kando ya mdomo. Kwa hali yetu ya kichwa kilichoshuka, ile ya shingo inabanana zaidi, isukume na kijiko ibanane kweli. Sehemu laini pitisha kidole chenye maji. Alafu mtego: sehemu ambazo ngozi imekauka, kama kiunoni, kandamiza kitambaa cha gunia kidogo uiache na ukwaruzo mdogo mdogo. Laini ikikaa karibu na kwaruzo ndio macho yanaamini ni ngozi.

Miguu ina vidole vinne kila mmoja, vyote vinagusa ardhi. Mkia mfupi, bapa, kama sentimita 6 kwa saizi yetu. Masikio madogo sana kuliko unavyofikiria, yageuze mbele.

MDOMO NA MENO

Kiboko akifunga mdomo huoni jino hata moja, midomo yake inafunika kila kitu. Kwa hivyo mdomo wetu ukifunguka kidogo, unaonyesha kidogo, na usijaze meno kama reki. Taya la chini lina chonge mbili kubwa zinazopinda juu na nje kidogo, na katikati kuna meno mawili yanayochomoza mbele, yamelala. Chonge la kweli linaweza kufika nusu mita, lakini sehemu kubwa imezama kwenye ufizi, kwa hivyo kwa saizi yetu sentimita 4 nje inatosha. Chonge za juu ni fupi zinaelekea chini, na zinasagana na zile za chini ndio zinabaki na makali.

Yatengeneze kwa waya iliyovikwa udongo wa karatasi, kausha, piga sandpapa mpaka yawe laini. Usiyapake nyeupe ya chaki. Nyeupe tia kahawia tone, na kwenye mzizi paka chai nzito iliyopoa mara mbili tatu. Ufizi na ndani ya mdomo ni waridi chafu.

Usijaribiwe kutumia jino la kweli, hata ukiokota ufukweni, hata kama babu aliacha nyumbani. Meno ya kiboko ni pembe inayouzwa kimagendo kama ya ndovu, na chini ya sheria ya wanyamapori ya Kenya ya 2013 kuwa na sehemu ya mwili wa mnyamapori bila kibali ni kosa, iwe jino, ukucha ama kipande cha ngozi. Ukiipata wapelekee KWS, shirika la wanyamapori. Na mtalii anayekuuliza kama ni ya ukweli mwambie wazi ni karatasi, asije akakuletea shida uwanja wa ndege.

MACHO

Shanga nyeusi izamishe kwenye kinundu cha jicho mpaka ibaki chini ya nusu nje. Alafu juu yake laza kope ya udongo, nzito, ishuke ifunike kidogo. Hiyo kope ndio inambadilisha kutoka mnyama wa mtoto kuwa mnyama anayefikiria. Jicho lote likiwa wazi anashangaa, likifunikwa robo anakuangalia. Macho yote mawili yalenge mahali pamoja, mita mbili mbele, kidogo juu, pale uso wa mtu atakayesimama utakuwa. Jaribu kabla gundi haijashika, zunguka chumbani uone anakupata wapi.

RANGI

Anza na koti moja la nyeupe mwili mzima, likauke. Rangi ya kiboko si kijivu ya sementi. Changanya nyeusi na kahawia na nyeupe, tia nyekundu kidogo mpaka uone zambarau imejificha ndani. Paka yote. Kisha changanya waridi chafu, upake kuzunguka macho, masikio, mdomo, chini ya shingo na ndani ya mikunjo ya tumbo, ukiivuta ukingoni na kitambaa kibichi isiwe na mpaka.

Rangi nyeusi yenye maji mengi imwagie mikunjo alafu futa juu, inabaki kwenye mifereji. Baada ya hapo brashi kavu yenye kijivu hafifu ipitishe juu juu, mgongoni na kwenye kingo za mikunjo.

Ngozi ya kiboko inatoa ute mwekundu unaoilinda na jua, wazee wengine wanasema ni jasho la damu ila si damu wala si jasho. Tone la nyekundu na kahawia ndani ya maji mengi, lipitishe nyuma ya masikio na begani, liteleze lenyewe. Kidogo. Ukizidisha ataonekana ametoka kuchinjwa.

Mwisho vanishi, na hapa kuna siri yote ya kazi. Usipake vanishi ya kung'aa mwili wote. Chora kwa penseli mstari wa maji, ulalo, kuanzia katikati ya shavu mpaka juu ya paja la nyuma. Chini ya mstari na kwenye pua, ya kung'aa, mara mbili. Juu ya mstari, isiyong'aa. Sasa huyu ni kiboko aliyetoka majini sa hii, mgongo ulikuwa umeanikwa juani na tumbo bado linatiririka, maanake ametoka kwa sababu yako. Hakuna meno yanaweza kusema hivyo.

UKITAKA MWINGINE

Njia ni ile ile, mifupa, karatasi, ngozi, rangi. Kinachobadilika ni mambo machache ambayo mtu anayemjua mnyama ataangalia kwanza.

Mamba: meno yanaonekana hata mdomo ukifungwa, na jino la nne la taya la chini linakaa nje ya la juu. Ulimi wake umeshikamana na sakafu ya mdomo, hawezi kuutoa, kwa hivyo zile sanamu za mamba ametoa ulimi ni za kuchekesha. Miguu ya mbele vidole vitano, ya nyuma vinne. Mboni ya jicho ni wima, nyembamba. Magamba ya mkiani yako safu mbili zinazoungana kuwa moja kuelekea ncha. Na hatari yake ni kutulia, mfanye awe bapa kabisa, tumbo chini, asiinue kitu.

Nyati hana meno ya mbele ya juu, omera usimwekee. Dume ana pembe zilizoungana juu ya paji la uso zikawa ngao, masikio yananing'inia chini ya pembe. Ishara yake ni kuinua kichwa, pua mbele, akikuangalia bila kupepesa. Huyo ukimpatia shingo nene unaweza kumwacha mdomo umefungwa kabisa na bado atisha sebule nzima.

Chui ana madoa ya duara yaliyopasuka, katikati hakuna doa. Akitembea kucha zimeingia ndani, usizichore. Mboni zake ni mviringo, si kama za paka wa nyumbani, na simba vivyo hivyo. Ukimwekea ile mistari myeusi ya machozi umemgeuza duma. Hali yake nzuri ni kujibana chini, masikio nyuma, mabega yamepanda juu ya kichwa.

Fisi, miguu ya mbele mirefu kuliko ya nyuma, mgongo unashuka. Hiyo peke yake inatosha.

Chatu ni mrembo wa kuunda kwa waya moja nene, lakini ukimuuza upande wa Nyakach uliza kwanza. Omieri, yule chatu aliyeungua moto 1987 mpaka nchi nzima ikamfuatilia, kwa watu wa huko alikuwa mgeni wa baraka. Chatu wa kutisha amekaza mkunjo juu ya mbuzi, huko hutauza kirahisi. Mlaze amejikunja, kichwa kikipumzika juu ya mwili.

BEI NA KUSAFIRISHA

Andika kila kitu ulichonunua hata chumvi, ongeza siku zako ulizofanya kwa kiwango ambacho ungelipwa kibarua cha fundi, alafu ongeza kidogo ya ubao na kuni na makosa. Hiyo ndio bei ya chini. Mtu akikwambia "si ni gazeti tu", mwonyeshe picha za mifupa ya waya ulizopiga njiani, kwa hivyo zipige.

Akienda Nairobi kwa matatu usimweke kwenye keria. Mfanyie katoni ya saizi yake, mpigilie kwenye ubao wake, ubao uufunge kwenye sakafu ya katoni ndio asiruke ruke kwa matuta. Jaza magazeti yaliyofinyangwa pande zote isipokuwa usoni. Chonge zifanye za kuchomeka na kuchomoa kwa waya iliyobaki kwenye mzizi, zisafiri ndani ya kopo na mteja azichomeke mwenyewe akifika, maanake kitu cha kwanza kuvunjika ni chonge na cha pili ni sikio.

Mwambie mteja asimweke kwenye sakafu ya simiti wala karibu na ukuta unaovuja. Panya wanapenda gundi ya unga, kwa hivyo chini ya tumbo na nyayo lazima zipate vanishi pia hata kama hakuna mtu anaziona. Sikio likivunjika, waya kidogo, gundi nyeupe, udongo wa trei, rangi ile ile. Ndio maana kopo ndogo la ile rangi uliyochanganya usilitupe, lifunge vizuri, uandike juu tarehe na jina la mteja.